Fimbo Haipimwi Ukutani

Fimbo haipimwi ukutani. Ndivyo alivyosema mwenyekiti jana kikaoni, na mara aliposema, wale waliokuwa wakishikilia kwamba mwalimu mpya afukuzwe walinyamaza wakatazama chini. Ninyi mliokuwa mmekaa nyuma mliyaona hayo, lakini hamkuyaelewa. Leo mmekuja kunisaidia kupukuchua maharage, nami najua si maharage yaliyowaleta. Mnataka kujua ni fimbo gani hiyo, na ukuta gani. Basi kaeni. Usemi huu hatukuachiwa na wahenga tusiowajua. Wenyewe walikuwa jirani zangu, na ukuta niliuona kwa macho yangu. Usemi ulizaliwa hapa hapa Ikombolo, na ulizaliwa hivi.

Pale penye mikaratusi, ng'ambo ya kiwanda cha chai, palikuwa na uwanja wa gofu. Wazungu wa shamba waliutengeneza, wakaondoka, mchezo ukabaki. Wakubwa wa kiwanda walicheza, madaktari na mahakimu walipanda kutoka mjini siku za mapumziko, na vijana wetu wakawabebea mikoba. Fimbo ya gofu, kwa kuwa hamjaiona, ni mpini mrefu wa chuma. Juu umevikwa mpira wa kushikia, na chini una kichwa kilichopinda kama mguu wa mtu: kina kisigino, kina wayo, kina vidole. Mchezaji hana fimbo moja, ana mkoba mzima, na urefu wa fimbo zake hupungua kidogo kidogo kutoka fimbo hadi fimbo, kama watoto wa tumbo moja waliopangwa mstari. Moja ikikosewa, mwili wote wa mchezaji hudanganyika.

Aliyezitengeneza ni Anyosisye Mwakalobo. Alikuwa na karakana nyumbani kwake, banda la bati lililoegemea ukuta wa nyuma wa nyumba. Alinunua fimbo zilizovunjika, akang'oa vichwa, akavitia mipini mingine, akakata, akagundisha, akavika mpira. Alikuwa mtu wa haki. Nataka mlijue hilo tangu sasa, ili msije mkadhani nawasimulia habari za mtu mbaya. Baba yao alipofariki, mdogo wake Gwakisa alikuwa bado anabebwa mgongoni, na Anyosisye ndiye aliyemlisha, akamsomesha, akamfundisha kazi, akamwoza mke. Mke huyo ni Sekela, niliyezoea kuchota naye maji.

Katika ule ukuta wa nyuma, uliopigwa lipu laini, Anyosisye alikuwa amepigilia futi ya chuma, imesimama toka sakafuni kwenda juu. Fimbo ikifika mkononi mwake aliisimamisha wima ikaegemea ukuta, akasoma futi, akatia alama, akakata kwa msumeno. Ndivyo alivyofundishwa na fundi wa Wazungu, na ndivyo alivyomfundisha mdogo wake. Kwa miaka mingi hakuna mchezaji aliyerudisha fimbo. Watu wa mjini walisema ukitaka fimbo ya kuaminika, panda kwa Mwakalobo.

Halafu mvua za masika zikaja na homa, na homa ikamchukua Subilaga, binti pekee wa Gwakisa na Sekela. Alikuwa ameanza kusema maneno kamili. Walimzika kando ya nyumba, penye migomba, kama ilivyo desturi yetu.

Kuanzia hapo Gwakisa akabadilika. Alikuja karakana kila siku, hakukosa, ila alikuwa mzito. Zamani alikuwa mtu wa kupiga mluzi akifanya kazi. Sasa alichukua fimbo moja, akaitazama, akaigeuza, akaiweka chini, akachuchumaa mbele yake kwa muda ambao kaka yake angekuwa amekwisha kata nyingine. Ukimsalimu anaitikia baada ya wewe kupita. Watu wakaanza kusema kwamba msiba umemchota akili. Hata mimi nilisema. Anyosisye hakusema mbele za watu, lakini alianza kumkagua. Kila kazi iliyopita mikononi mwa mdogo wake aliichukua tena, akaipeleka ukutani.

Wakati huo huo palikuwa na msichana aitwaye Tumpe. Alikuwa mbeba mikoba pale uwanjani, na kwa kubeba mikoba ya wengine akajifunza mchezo mpaka akawashinda aliowabebea. Wakubwa wa chama cha gofu walimwona, wakamwita aende Moshi kwenye mashindano ya kuchagua timu ya taifa. Kwetu hapa hilo lilikuwa jambo kubwa. Hakuna mtoto wa mchuma chai aliyewahi kuitwa popote. Ila Tumpe hakuwa na fimbo zake. Siku zote alicheza kwa za kuazima. Anyosisye akasema atamtengenezea mkoba mzima, bila malipo, kwa heshima ya Ikombolo.

Vichwa vya aina moja hakuwa navyo. Akakusanya alivyopata, kimoja kutoka hapa, kingine kutoka kule, vya watengenezaji mbalimbali: vingine vina wayo mfupi mnene, vingine vimechongoka na vidole virefu. Kwa kuwa yeye alikuwa na kazi ya mtu mwingine, akampa Gwakisa kuunganisha na kukata.

Gwakisa aliifanya kazi ile taratibu kuliko zote. Kwanza alijitengenezea kitu kutokana na mbao. Aliweka ubao chini, ukalala sawa sakafuni, akasimamisha ubao wa pili juu yake, si wima bali kwa mshazari, ule mlalo ambao fimbo inakuwa nao mikononi mwa mchezaji aliyesimama mbele ya mpira. Akabandika futi kwenye ubao huo wa mshazari, ikianzia pale kwenye pembe. Fimbo aliiweka ikakanyaga ubao wa chini kwa wayo wote, kisigino kwenye pembe, mpini ukalalia futi, akasoma kwenye ncha ya juu kabisa ya mpira. Alipima hivyo zote, akakata, akamaliza, akazipanga juu ya meza.

Anyosisye alipoziona alifurahi. Akachukua ya kwanza akaiegemeza ukutani. Ilizidi alama. Akachukua ya pili, ilizidi zaidi. Ya tatu ilizidi kidogo tu. Aliendelea hivyo mpaka ya mwisho, na hakuna hata moja iliyokaa penye alama yake, wala hazikukosea kwa kiasi kimoja. Sekela alikuwa amewaletea uji, akasimama mlangoni, na maneno yaliyofuata ndiye aliyenisimulia.

Anyosisye aliuliza kwa upole ni nini kile. Gwakisa akajibu kwamba zimekaa sawa.

"Sawa kwa macho ya nani?" akauliza kaka yake. "Futi hii hapa. Hii imezidi, hii imezidi, hii imezidi. Hakuna mbili zinazokubaliana."

"Kaka, fimbo ikisimama wima ukutani haikanyagi kwa wayo," Gwakisa akasema. "Kisigino kinaning'inia, inasimama kwa vidole. Mtu aliyesimama kwa vidole, ule si urefu wake."

"Nimepima ukutani tangu hujaota meno. Nani amewahi kurudisha fimbo?"

"Zamani vichwa vilikuwa vya aina moja. Vilikosea pamoja, ndiyo maana hakuna aliyeona. Hivi kila kimoja kina kidole chake."

Anyosisye akamtazama. Sekela anasema hakuwa na hasira usoni, alikuwa na huruma, na kwamba ile huruma ndiyo iliyomtisha. Akamwekea mdogo wake mkono begani.

"Mdogo wangu," akasema, "umechoka. Mtoto amekwenda na kitu chako. Nenda nyumbani ukapumzike, nitazirekebisha mwenyewe."

Gwakisa akavua aproni yake, akaitundika, akaenda. Ile mbao yake ilisukumwa kwa mguu chini ya meza. Anyosisye akakaa na msumeno mpaka zote zilipofika kwenye alama za ukutani. Mnajua mpini wa chuma ulivyo. Ukizidi utaupunguza, ukipungua huna la kufanya.

Tumpe alikwenda Moshi tukimwimbia. Alirudi kabla hatujamtarajia, ameketi nyuma ya gari la majani ya chai, na mkoba umelala miguuni pake. Siku ya kwanza tu alikuwa ametolewa. Mpira aliupiga kwa juu ukabingirika kama wa mtoto anayejifunza, mara nyingine akaukosa katikati ukaruka pembeni kwenye miti. Watu walicheka. Mzee mmoja wa chama alimwambia kwamba wamekosea kumwita na hawataita tena mtu kutoka vichakani. Tulikusanyika uani kwa Anyosisye kumpokea, maana mkoba ulitoka pale, na Tumpe akaulaza mlangoni pa karakana.

"Baba, sikulaumu," akasema. "Ila kila fimbo ilinitaka nisimame kivingine. Sikujua mwili wangu uko wapi."

Wote tulimgeukia Anyosisye, naye uso wake ulikuwa umekauka. Jina lake lilikuwa limeaibika mbele ya nchi nzima. Mkumbuke hakuwa akisema uongo. Aliamini moyoni mwake kwamba fimbo ziliharibiwa tangu mwanzo na kwamba marekebisho yake hayakutosha kuziokoa. Akasema aliyezikata ni Gwakisa. Akasema alijua mdogo wake hayuko sawa tangu amzike mtoto, na kosa lake yeye ni kumwonea huruma na kumwachia kazi ya mikono mizima. Kisha akamgeukia mbele yetu sote akamwambia asikanyage tena karakana mpaka akili yake imrudie.

Gwakisa alikuwa amesimama kando ya ngazi. Angeweza kusema neno moja tu: kwamba kaka yake alizikata tena. Hakulisema. Kwetu mdogo hamvui kaka yake nguo mbele za watu, hasa kaka aliyemlea. Alimtazama Tumpe, akainamisha kichwa kama anayemtaka radhi, akatoka. Sekela alimfuata akilia, naye ndiye tuliyemcheka kwa kuolewa na mwenda wazimu. Nasema tulimcheka kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Watu wa Ikombolo wote walikuwa na sauti moja.

Hakukaa. Mtu aliyekwisha kuitwa mwenda wazimu hakuna anayempa hata jembe ashike. Alikwenda ng'ambo ya milima, kwenye kambi ya wapasuaji mbao, akaajiriwa kubiringisha magogo kuyashusha mtoni. Mikono iliyozoea kazi ya unywele mmoja ikawa ya kusukuma miti. Sekela alibaki, kwa kuwa kaburi la mtoto lilikuwa hapa.

Ikapita masika nyingine. Daktari mmoja wa mjini akamletea Anyosisye vichwa vya kuokoteza, vya kila aina, akaomba mkoba mzima. Anyosisye alifanya yote kwa mkono wake. Aliegemeza kila fimbo ukutani, akasoma, akakata, akapima tena, zikakubaliana kama askari kwenye gwaride. Daktari akazichukua. Baada ya muda si mrefu akazirudisha, akasema kwa adabu kwamba hazichezeki, kila moja inamtaka asimame kivingine.

Ni maneno yale yale ya Tumpe. Na safari hii hakukuwa na Gwakisa wa kulaumiwa.

Mke wa Anyosisye anasema mumewe alikaa karakana na fimbo zile tangu daktari aondoke, hakuja kula. Alipokwenda kumtazama alimkuta amepiga magoti sakafuni. Ameitoa ile mbao chini ya meza, ameifuta vumbi. Alikuwa akilaza fimbo moja baada ya nyingine, wayo chini, kisigino kwenye pembe. Kisha akaufungua mkoba wa Tumpe, uliokuwa umetupwa pembeni tangu siku ile, akazilaza na hizo. Zote zilikuwa fupi, na kila moja ilikuwa fupi kwa kiasi chake. Akaokota vile vipande vya chuma alivyovikata mwenyewe, vilivyobaki kwenye boksi la takataka, akawa anaviweka juu ya mipini kimoja kimoja, kama mtu anayejaribu kurudisha jino mdomoni. Mkewe alimwita, hakusikia.

Asubuhi alipanda mlima kumfuata mdogo wake.

Alimkuta kambini, amelala kwenye kibanda cha mabanzi. Gogo lilikuwa limemponyoka mwenzake likampitia Gwakisa mapajani. Mifupa ilivunjika, na kidonda kilikuwa kimeoza, kinanuka tangu mlangoni. Wapasuaji walikuwa wanamnywesha maji wakingojea gari ambalo halikuja, kwa kuwa mvua ilikuwa imekata barabara. Anyosisye alikaa chini kwenye matope, akamshika mkono. Akamweleza yote: daktari, mbao, vipande vya chuma. Akamwambia kwamba zilikuwa sawa.

"Mimi nilijua zilikuwa sawa," Gwakisa akasema.

Anyosisye akalia. Akamwomba msamaha kwa ajili ya fimbo. Gwakisa alifumba macho, akavuta pumzi, akasema maneno ambayo kaka yake aliyabeba mpaka siku aliyokufa.

"Fimbo uliweza kunikatalia, kaka, wewe ndiye fundi. Lakini uliniona nimekaa kimya ukasema sina akili. Nilikuwa na msiba tu. Ulinipima nikiwa nimesimama kwa vidole."

Kisha akaomba jambo moja, arudishwe alale karibu na mtoto wake.

Walimbeba kwa machela, Anyosisye akishika mbele, hakukubali kupokewa. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Hospitali ilikuwa upande huu wa milima na walifika wakiwa wamechelewa sana. Mganga aliinua shuka akalirudisha. Gwakisa aliletwa nyumbani, akaishi siku chache ambazo hakuwa akimtambua kila mtu. Sekela alimtambua. Akafa akiwa ameegemea kifua chake.

Watu walijaa msibani. Mnajua sisi hatumziki mtu bila habari zake kusemwa. Msemaji wa ukoo akasimama, akaeleza alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa wapi. Alipofika kwenye miaka ya mwisho, akalisema kama tulivyokuwa tukilisema wote, kwa sauti ya kumhurumia marehemu: kwamba baada ya kufiwa na mtoto akili yake iliyumba, kazi ikamshinda, ndipo akaenda kuhangaika porini. Watu wakatikisa vichwa. Sekela alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya jeneza, hakuinua uso.

Anyosisye akasimama. Hakuwa amepangwa kusema. Alikuwa na udongo kwenye mavazi, maana aliingia kaburini kuchimba pamoja na vijana.

"Fimbo haipimwi ukutani," akasema.

Tulidhani na yeye sasa ameanza kuweweseka. Lakini aliendelea, taratibu, bila kupaza sauti, akaeleza kila kitu. Akaeleza jinsi fimbo inavyodanganya ikisimamishwa mahali ambapo haifanyi kazi yake, kwa namna inayompendeza mpimaji. Akaeleza kwamba aliyezikata fimbo za Tumpe ni yeye, na kwamba marehemu alijua, akanyamaza ili kaka yake asiaibike. Akamtaja Tumpe kwa jina akamwomba radhi. Akasema kwamba mdogo wake alikuwa na akili timamu kuliko watu wote waliokuwa uani siku ile. "Nilimtazama akiwa amefiwa," akasema, "nikadhani namwona alivyo. Nikamkata. Na nilichokata hakioti tena."

Alipomaliza hakurudi kukaa mahali pake pa ukubwa wa ukoo. Alikwenda akaketi chini, nje ya mkeka wa Sekela, hapo hapo kwenye nyasi. Sekela hakumgeukia. Hakumgeukia siku ile, na nijuavyo mimi hakuwahi kumsalimu tena mpaka alipohama. Wapo waliosema ni mgumu wa moyo. Mimi sikusema.

Tumpe hakuitwa tena popote. Alichuma chai hapa mpaka mgongo ukakataa. Anyosisye aliacha ufundi, na uwanja nao ukafa wakapanda mikaratusi. Lakini neno lile lilibaki. Kwanza lilisemwa kwa kunong'ona, watu wakikumbuka walivyosimama uani pale. Baadaye likawa la kila kikao. Mtu akija mbio na hukumu juu ya mwenzake, eti mvivu, eti ana kiburi, eti si mzima, na hajauliza ana mgonjwa nyumbani au ametoka kuzika nani, atakuwepo mzee mmoja wa kulisema.

Mwalimu huyo mpya ambaye nanyi mlitaka jana aondolewe kwa kuwa hacheki na mtu wala haendi sherehe za mtu, hakuna kati yenu aliyejua ametoka kufanya nini kabla ya kuletwa kwetu. Mwenyekiti anajua. Alimaliza kuwazika mke na mtoto mchanga ndani ya wiki moja, ndipo akapewa barua ya kuja hapa. Mliwahi kuingia darasani mwake mkamsikia akifundisha? Hata mmoja wenu?

Basi ndivyo. Fimbo haipimwi ukutani.